Fomu Isiyomjua Baba Mdogo

Katika kurasa hizi tumeshahakiki mashairi ya vijana, maigizo ya Siku ya Wakimbizi, hata nyimbo za kwaya. Sioni kwa nini tusihakiki fomu. Hamna maandishi yanayosomwa kwa makini hapa kambini kuliko fomu. Shairi mtu atalisoma mara moja, atalisifu, atarudi kwenye kuni zake. Fomu, au barua iliyotoka kwenye fomu, inasomwa na ukoo mzima. Inapelekwa kwa mwalimu, ikitoka hapo inapelekwa kwa mchungaji, na mchungaji akisema neno moja tofauti na mwalimu, usiku huo watu hawalali. Mimi nimekuwa nikiwasomea watu barua za namna hiyo kwa miaka kadhaa hapa Nyarugusu, na haya ninayoandika yametoka kwenye kazi hiyo.

Nimechagua fomu moja: ile ambayo ndugu aliyefika Marekani kama mkimbizi anaijaza ili jamaa zake waliobaki nao wafikiriwe. Ni Hati ya Kiapo cha Uhusiano, namba DS-7656. Sisi tunaiita P-tatu, kwa sababu inaingia katika kipaumbele cha tatu cha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Najua mtu atasema: fomu hiyo ya nini saa hivi, wakati mpango wenyewe umesimamishwa tangu tarehe 27 Januari 2025? Nitafika hapo. Kwanza tuisome.

Jambo la kwanza mhakiki anauliza ni nani anasimulia. Katika fomu hii msimulizi yuko mbali. Anakaa mbele ya mfanyakazi wa shirika la kupokea wakimbizi katika mji wake huko, anataja mke, anataja watoto, anataja baba na mama, anaapa, anatia sahihi. Sisi ndio wahusika wa hadithi hiyo, lakini hatukuwepo ilipoandikwa na wengi wetu hatuioni kamwe. Miaka inapita. Halafu siku moja mhusika anaitwa kwenye intavyu, anaulizwa juu ya hadithi ambayo hakuiandika, na majibu yake yanapimwa kwa yale yaliyoandikwa kule. Kijana aliandika kwamba mama yake anaitwa Mama Riziki, kwa sababu tangu azaliwe hajasikia mtu akimwita jina lingine. Kwenye karatasi za kambi mama ana jina la ubatizo na jina la ukoo, Riziki hayumo. Basi kesi imeshapata doa kabla mtu hajafungua mdomo.

Jambo la pili ni wahusika wenyewe, na hapa fomu ni bahili. Inawajua watatu tu: mume au mke, mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa na hajafika miaka 21, na mzazi. Ndugu huyo anatakiwa kuijaza ndani ya miaka 5 tangu afike. Iko fomu nyingine, I-730, ya kufuatwa na mume au mke na watoto. Huko hata wazazi hawamo, na muda wake ni miaka 2. Akishakuwa raia inakuja fomu ya I-130, nayo inafungua kidogo: anaweza kumwombea mzazi, kaka, dada, na mtoto hata kama ameoa. Baada ya hapo orodha imeisha. Babu na bibi, makoko wetu, hawamo. Shangazi hayumo, mjomba hayumo, baba mkubwa na baba mdogo hawamo. Mpwa, binamu, mkwe, shemeji, hakuna.

Swali hili nimeulizwa kuliko lolote: "Mtoto wa kaka yangu yuko kule, ameshapata uraia, si anaweza kunivuta?" Hawezi. Siyo kwamba ni vigumu, siyo kwamba ni foleni ndefu. Fomu ya kumwombea baba mdogo haipo. Kwa muda mfupi kulikuwa na njia ya pembeni, Welcome Corps, ambapo tangu mwishoni mwa 2023 kikundi cha watu 5 au zaidi kule Marekani kingeweza kumtaja mkimbizi wanayemjua, awe binamu, awe jirani wa zamani. Watu hapa walianza kuhesabu majina kwa vidole. Mpango mkubwa uliposimamishwa Januari 2025, na huo ukaenda nao.

Sasa tufike kwenye lugha, maana hapo ndipo kesi nyingi zinavunjika. Neno la kwanza ni mtoto. Mama anaulizwa: una watoto wangapi? Anajibu: saba. Wanne amewazaa. Wawili ni wa marehemu dada yake, na mmoja ni wa shemeji yake aliyepotea kati ya Fizi na ziwa. Mama huyu hajasema uongo. Wale wa dada yake wanamwita mama, kwa sababu mama mdogo ni mama, neno lenyewe linasema hivyo. Tena kumtenga mtoto wa marehemu mbele ya wageni, kusema "huyu siyo wangu" wakati mtoto mwenyewe amekaa pale kwenye benchi anasikia, ni jambo ambalo mtu mwenye adabu hafanyi. Mkalimani anapeleka ile saba kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza linaloibeba, mbele ya afisa, ni neno la kuzaa. Tangu dakika hiyo karatasi inasema mama huyu amezaa saba. Yeye hakulisema hilo na mkalimani hakukusudia kulisema. Limesemwa na fomu.

Kuna wanaosema kosa ni la mama, angeeleza. Aeleze nini wakati hakuulizwa? Swali lilikuwa fupi na alijua kwamba nje kuna watu arobaini wanangoja.

Neno la pili ni ndugu. Sisi tuna namna ya kupambanua: baba mmoja mama mmoja. Lakini hatuisemi kila siku. Tunaisema tukigombania shamba, au tukitaka kuonyesha kwamba mtu fulani ana wajibu mkubwa kuliko wengine. Siku za kawaida mtoto wa baba mkubwa ni kaka, basi, na ukianza kumfafanua watu watakuuliza mmekosana nini. Kiingereza nacho kina umaskini wake. Kina anko mmoja tu, na huyo anabeba baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kwa pamoja, kana kwamba mtu wa ukoo wangu na mtu wa upande wa mama ni yule yule. Baba mdogo akifika kwenye karatasi kama anko, ubaba wake umebaki nje ya mlango. Akifika kama baba, ni mwongo.

Hili siyo suala la darasani. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifanya majaribio ya vipimo vya DNA kwa waombaji wa P-tatu. Ilianzia Nairobi kwa watu 500 hivi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, kisha ikapanua hadi Ethiopia, Uganda, Ghana, Guinea, Gambia na Cote d'Ivoire, jumla watu karibu 3,000. Matokeo yaliyotangazwa ni kwamba kesi ambazo uhusiano wote ulithibitishwa zilikuwa chini ya asilimia 20. Kabla mwaka haujaisha fomu zikaacha kupokelewa. Mlango ulifungwa hadi Oktoba 2012, na ulipofunguliwa fomu ilikuwa mpya, na kipimo cha DNA kati ya mzazi na mtoto wa kuzaa kimekuwa sharti.

Nataka tuisome ile asilimia kama tunavyosoma sentensi ngumu ya kitabu, polepole. Kesi ni kaya nzima. Mmoja tu kati ya watu wa kaya akikosa kulingana, kaya nzima imehesabiwa upande wa pili. Waliokataa kupimwa au wasiotokea nao wamehesabiwa upande huo huo, pamoja na wale ambao damu yao haikulingana. Na ndani ya wale ambao damu haikulingana, ni nani amewatenganisha? Mtu aliyeuza nafasi ya mtoto wake aliyekufa kwa kijana wa mtaa wa pili amehesabiwa sawasawa na yule mama wa saba. DNA inajua kujibu swali moja, na ilijibu vizuri. Swali la nani alimlisha nani, nani alimbeba nani mgongoni, haikuulizwa.

Nisieleweke vibaya. Biashara ilikuwepo. Kila aliyekaa kambi yoyote ya ukanda huu anajua kwamba nafasi kwenye kesi zimeuzwa, kwamba kuna madalali, na kwamba mtoto wa watu aliwahi kubaki ili mtoto wa mwenye fedha aende kwa jina lake. Huo ni wizi, na mwenye kuibiwa mara nyingi ni yatima, kwa sababu hana wa kumsemea. Kinachonisumbua ni kwamba fomu haina lugha ya kutofautisha mwizi na mlezi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, hata baadhi ya waandishi wa jarida hili. Wao wanasema: fomu imekataa ukweli wetu, basi tuipe uongo wake, mpwa aandikwe mtoto, binamu aandikwe mdogo, Mungu anajua. Nimesikia maneno haya yakisemwa na watu wema sana. Mimi naona ni usomaji mbaya wa fomu. Aliyeisoma hadi mwisho, pamoja na masharti yake, ataona kuna dirisha dogo. Masharti ya P-tatu yameruhusu, kesi kwa kesi, mtu asiye mume wala mke wala mtoto wala mzazi aongezwe kwenye kesi ya jamaa anayestahili, ikiwa waliishi nyumba moja, walikula chungu kimoja, na kuna sababu nzito ya kibinadamu. Dirisha ni dogo na mtu huyo lazima ajieleze yeye mwenyewe kwa nini ni mkimbizi. Lakini linasomeka kwa jina la mpwa. Ukishamwandika mtoto wa kuzaa, hawezi tena kupita hapo, maana kwenye karatasi yeye siyo mpwa.

Kanada inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Sheria yao nayo inaanza na mume, mke na mtoto, na mtoto kwao ni asiyefika miaka 22 na ambaye hana mwenzi. Lakini imewafikiria wengine pia. Raia au mkaazi wa kudumu anaweza kumdhamini mdogo wake, mpwa wake au mjukuu wake aliyefiwa na wazazi wote wawili, akiwa hajafika miaka 18 na hana mume wala mke. Hata mtu asiye na mke, mtoto, mzazi wala jamaa mwingine wa kuombewa, na ambaye hana wa karibu nchini humo, anaruhusiwa kumdhamini jamaa mmoja wa damu wa umri wowote. Mjomba anaingia hapo, shangazi anaingia. Tena kwa wakimbizi wanaopelekwa Kanada kuna kundi la wategemezi wa kweli: mtu ambaye sheria haimwiti familia, lakini anaishi ndani ya nyumba na kuitegemea kwa chakula na kwa moyo. Huyo naye lazima awe mkimbizi kwa haki yake, ila kesi yake inatembea pamoja na yenu.

Turudi kwa yule mama wa saba. Tuseme ndugu yake wa damu yuko Kanada na ana uwezo. Wale wawili wa marehemu dada, kama wameandikwa "watoto wa marehemu dada yake, baba yao naye amefariki", wana mlango. Wameandikwa "watoto wake"? Basi mbele ya sheria mama yao yu hai, yuko Nyarugusu, anapanga foleni ya mgao. Siyo yatima tena. Upendo wa mama mdogo ndio uliowafungia mlango, ukisaidiwa na mkalimani mwenye haraka na fomu yenye kisanduku kimoja. Na hata wakiandikwa sawa, wataulizwa vyeti vya vifo vya watu waliozikwa porini usiku. Sisemi ni rahisi.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo hilo, wa kutotajwa. Kanada ina kanuni inayojulikana kwa namba, 117(9)(d): mtu wa familia ambaye hukumtaja ulipoomba kuingia, baadaye huwezi kumwombea kama familia. Tangu Septemba 2019 kuna nafuu ya muda kwa baadhi, wakiwemo waliofika kama wakimbizi, lakini nafuu ya muda ni ya muda. Nani hatajwi? Mara nyingi ni mke wa siri. Fomu ya Marekani ikisema mtoto awe hajaoa, kijana wa miaka 20 anaogopa kuoa. Msichana akipata mimba, mtoto anaandikwa kwa bibi yake. Kaya mbili zinakaa kimya ili mmoja abaki kwenye kesi ya wazazi. Kisha kijana anasafiri, na mke na mtoto aliowaacha hawapo kwenye karatasi yoyote. Wakati mwingine inabidi athibitishe kwamba ni baba wa mtoto ambaye yeye mwenyewe aliapa kwamba hana. Wafanyakazi wa mashirika wanaojiuliza kwa nini vijana wetu hawaandikishi ndoa, jibu mojawapo ni hilo.

Sasa nigeukie hadithi zetu wenyewe, maana uhakiki wa fomu ya wageni bila kujihakiki ni rahisi mno. Katika hadithi na maigizo tunayoletewa yuko mhusika mmoja anayerudi kila mara: ndugu wa nje aliyesahau. Anatokea kwenye picha na gari. Simu hapokei. Mwisho wa igizo anapigiwa kelele na watazamaji, na mama mzazi analia jukwaani. Nimelitazama igizo la aina hii zaidi ya mara tatu kwa majina tofauti, na kila mara watu wanashangilia.

Tufanye hesabu ambayo waandishi wetu hawaifanyi. Mtu alifika Marekani mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja anaomba ukaazi wa kudumu. Kwa mkimbizi ukaazi huo unahesabiwa kuanzia siku aliyofika, kwa hiyo uraia anaweza kuuomba mwaka 2021. Hadi hapo, kwa ajili ya mdogo wake hana fomu yoyote ya kifamilia. Miaka 5 yote ya lawama kwenye simu, mikono yake imefungwa. Mwaka 2021, tuseme amekuwa raia upesi, anajaza I-130 ya mdogo wake. Nafasi za kaka na dada wa raia kwa dunia nzima ni 65,000 kwa mwaka, na hizo ni pamoja na wake, waume na watoto wanaofuatana nao. Foleni imekuwa ya zaidi ya miaka 15. Tumeshafika baada ya 2036. Mdogo aliyeachwa ana miaka 20 atakuwa amepita 40, na wanawe wakubwa wanaweza kuwa wamepita 21 na kudondoka kwenye kesi ya baba yao. Haya yote ni kwa mdogo wa baba mmoja mama mmoja. Kwa mtoto wa baba mdogo, hesabu haianzi.

Kwa hiyo huyu mtu wa kwenye igizo, anayetukanwa kwamba amesahau, huenda alikwenda kwenye ofisi ya shirika lake wiki ya pili tu baada ya kufika, akataja majina 14, akaambiwa watatu tu ndio wanaoandikika. Sijaona igizo la siku hiyo. Wala sijasoma hadithi ya msimulizi wa fomu, anayelazimika kuchagua mbele ya kompyuta ni nani katika ukoo wake ni familia. Simu asiyoipokea inaweza kuwa ni simu ya mtu ambaye jina lake lilikataliwa, na hajui amwambieje. Siandiki haya ili kuwasafisha wote. Wapo waliosahau kweli. Lakini mwandishi anayeandika juu ya usahaulifu bila kujua sheria anaandika kesi ya uongo dhidi ya ndugu yake, na jukwaa letu limeshatoa hukumu nyingi za namna hiyo.

Nilisema nitafika kwenye swali la kwa nini sasa. Ni kweli, milango mingi imefungwa kwa pamoja. Marekani nimeshaitaja. Kanada ilisimamisha mwezi Novemba 2024 kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano, njia ambayo binafsi niliiona inafaa kuliko zote kwa jamaa wa mbali, kwa sababu wadhamini hawakuulizwa kama ni baba au anko. Uingereza ilisimamisha mwezi Septemba 2025 maombi mapya ya wakimbizi kuwaita familia zao, na hata kabla ya hapo ilikuwa ni mume au mke na watoto wasiofika miaka 18. Australia inaruhusu jamaa wa aina yoyote kupendekeza mtu kwa viza ya 202, lakini wanaotangulia ni wa familia ya karibu.

Mtu akisikia hivyo anaweza kuweka karatasi chini ya godoro na kusubiri. Mimi nakumbuka ile miaka 4 kati ya 2008 na 2012. Mlango ulipofunguliwa, walioingia mapema walisomwa kwa karatasi za zamani, zile za kuandikishwa walipofika kambini, zile za sensa ya kaya, zile ambazo mtu alijibu haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Afisa wa miaka ijayo hatasoma moyo wako, atasoma kilichoandikwa mwaka huu na karani aliyekuwa na watu arobaini nje. Na kitu kimoja ambacho wafanyakazi wa mashirika wanakijua kuliko sisi: mwongozo wa UNHCR wenyewe juu ya makazi mapya unatambua utegemezi, kwamba familia ni zaidi ya mume, mke na mtoto, hata kama nchi inayopokea haikubali hivyo. Kwa hiyo nafasi ya kuandika ukweli ipo upande huu, kabla fomu ya nchi yoyote haijafika.

Ombi langu kwa makarani na wakalimani, wa hapa na wa kambi nyingine, ni dogo na linachosha. Neno mtoto lisitafsiriwe peke yake. Baba, mama, kaka, dada, ndugu, hivyo hivyo. Anayeuliza aongeze: ulimzaa? Kama hukumzaa, ni wa nani, wazazi wako wapi, umekaa naye tangu lini? Na kwa wazazi na walezi, mtu asiogope kwamba akisema "sikumzaa" atamnyang'anya mtoto wake. Karatasi isiyosema hivyo ndiyo inayokuja kumnyang'anya baadaye, siku ya kipimo.

Jibu zima linaweza kuwa hivi: "Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Baba yake naye alifariki. Nilimpokea mwaka 2012 akiwa na miaka 3. Sikumzaa, anakula kwangu, analala kwangu, na shuleni mzazi aliyeandikwa ni mimi." Mkalimani azipeleke sentensi zote nne kwa Kiingereza, moja moja, na karani aziandike zote hata kama kisanduku ni cha neno moja, pembeni ya karatasi huwa kuna nafasi. Na kabla mama hajaanza kusema, mtoto aombwe akacheze nje.